CRP baada ya kubadilishiwa goti: kipimo kipi kinastahili hela yako

CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukiumia au ukiingiliwa na wadudu, na baada ya kubadilishiwa goti hupimwa ili kukamata maambukizi mapema. Mwenye haraka achukue hukumu hii na aondoke nayo. Kwa goti lililobadilishwa ndani ya wiki sita zilizopita, kipimo cha kulipia ni CRP ya namba inayosomwa na mashine ya kemia ya maabara, tena maabara ileile kila unaporudi. Mashine ndogo ya tone la kidole ni mbadala mzuri, ila kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza. CRP ya lateksi, ile ya kuchanganya matone kwenye slaidi, haiiwezi kazi hii hata kama ndiyo pekee iliyo karibu na nyumbani. ESR, ile ya kupima kasi ya chembe nyekundu kushuka kwenye mrija, isubiri. D-dimer, ya kutafuta dalili za damu iliyoganda mwilini, usiinunue kwa shughuli hii. Vipimo vya mistari vya kujipimia mwenyewe viache dukani.

Na kuna mgonjwa asiyehitaji hata kimoja: kidonda kikavu, hana homa, maumivu yanapungua wiki hadi wiki, goti linakunjika zaidi kila anapofanya mazoezi. Huyo akiambiwa na daktari wake kwamba hakuna haja ya kupima, hajapunjwa.

Goti linatarajiwa kusoma ngapi

Huwezi kukikosoa kipimo kabla hujajua kinachotakiwa kuonekana. Mfupa wa paja na wa muundi ukikatwa kwa msumeno na kuvishwa chuma na plastiki, mwili hautofautishi jeraha la daktari bingwa na jeraha la ajali. Chembe za kinga kwenye jeraha humwaga kemikali iitwayo interlukini-6, ini linaipokea kama amri, na baada ya saa 6 hadi 12 protini ya CRP inaanza kupanda kwenye damu. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Kwa goti, kilele cha miligramu 100 hadi 200 kwa lita ni cha kawaida kabisa, na wapo wanaovuka 200 bila hata mdudu mmoja kwenye kidonda. Goti hupandisha kuliko nyonga, na magoti mawili yaliyofanywa kwa pamoja hupandisha zaidi ya moja.

Kisha inashuka. Nusu-uhai ya CRP kwenye damu, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni kama saa 19 na haibadiliki kwa ugonjwa, kwa hiyo kiwango unachokiona kinategemea karibu kabisa kasi ya ini kuitengeneza. Hapo ndipo thamani yote ya kipimo hiki ilipo: chanzo kikitulia, namba inashuka ndani ya siku chache, haikai miezi. Siku ya saba wengi huwa wameshuka chini ya nusu ya kilele chao. Wiki ya tatu wengi wanakaribia kawaida, na wengine huchukua hadi wiki ya sita kurudi chini ya 10.

Kuuliza kama CRP iko juu, basi, ni kupoteza pumzi. Iko juu, na alama nyekundu ya H kwenye karatasi haikuambii lolote, maana kiwango cha rejea kilichochapwa pembeni ni cha mtu mzima wa afya ambaye hakukatwa mfupa juzi. Kinachotafutwa ni mwelekeo. Kipimo kizuri kwa kazi hii kinahitaji sifa tatu: kiweze kusoma namba kubwa bila kugonga dari, kionyeshe tofauti kati ya 140 na 95, na kirudie jibu lilelile kwa damu ileile. Kwa mizani hiyo tuvipitie.

Mashine ya kemia ya maabara: ndiyo ya kuchagua

Damu inatolewa mkononi, inaachwa igande au inawekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, inazungushwa, na mashine inapima jinsi mwanga unavyozibwa na CRP iliyoshikwa na kingamwili. Mashine kubwa zinasoma kutoka chini ya 1 hadi miligramu mia tatu na kitu kwa lita, na sampuli ikizidi hapo zinaizimua zenyewe na kurudia. Sifa zote tatu zimetimia.

Faida nyingine haitajwi sana kaunta: CRP ni protini ngumu. Seramu iliyotenganishwa vizuri inastahimili siku kadhaa kwenye friji bila kubadilika, kwa hiyo hata kituo kidogo kinachokusanya damu na kuipeleka makao makuu kesho yake kinaweza kukupa jibu la kuaminika. Huhitaji kufunga kula. Huhitaji kuwahi asubuhi. Mtu anayeambiwa aje na njaa kwa ajili ya CRP peke yake ameambiwa hivyo kwa mazoea tu, au kwa sababu kuna kipimo kingine kwenye oda yake.

Kasoro zake ni tatu. Ya kwanza ni kuchelewa: jibu la kesho halimsaidii aliyekaa benchi la kliniki na kidonda kinachovuja leo. Ya pili ni vizio. Maabara nyingi huandika mg/L, nyingine mg/dL, na tofauti ni mara kumi. Aliyeruhusiwa hospitali moja na karatasi ya 18 mg/dL, kisha akapimwa kwao mkoani na kupata 90 mg/L, anaweza kulia kwamba imepanda mara tano wakati imeshuka nusu, maana 18 mg/dL ni 180 mg/L. Anayerudi kutoka kupasuliwa India au Nairobi akiwa na faili la kurasa nyingi aanze na hilo: azungushie kalamu kizio kwenye kila karatasi kabla ya kulinganisha chochote.

Ya tatu ni kuuziwa kipimo ambacho sicho. Kwenye orodha ya bei kuna CRP ya kawaida na kuna hs-CRP, yaani yenye unyeti wa juu. Hiyo ya pili ni ya kukadiria hatari ya moyo, ambako kinachotazamwa ni tofauti kati ya 1 na 3. Mara nyingi ni ghali zaidi, na nyingi zimetengenezwa kwa namba ndogo. Sampuli ya goti la siku ya tatu inaweza kurudi imeandikwa tu kwamba imezidi kikomo. Neno “unyeti wa juu” linavutia, lakini kwa goti bichi ni hela ya bure. Sema kaunta: nataka CRP ya kawaida, ya namba, siyo ya moyo.

Mashine ya tone la kidole: nzuri, lakini ina dari

Mashine hizi zimeenea kwenye kliniki binafsi, na mbili zinazojulikana zaidi ni QuikRead go ya Aidian kutoka Finland na Afinion 2 ya Abbott. Zote mbili hutoa namba ndani ya dakika chache. QuikRead go kwa kiti yake ya kawaida ya CRP (yaani boksi la vifaa vya kipimo) inataka mikrolita 20 za damu zinazovutwa kwa kapilari ya kioo na kusukumwa kwenye kikombe kidogo chenye maji ya kitendanishi; Afinion inataka mikrolita 1.5 tu, na kapilari yake imejengwa ndani ya katriji. Kwa mgonjwa ambaye mishipa ya mkono imeshachokozwa wiki nzima na sindano, hii ni nafuu kubwa.

Tatizo la kwanza ni dari. Kwa damu nzima zote mbili hukomea miligramu 200 kwa lita. Goti la siku ya pili au ya tatu linaweza kuwa juu ya hapo, na mashine itakuandikia tu “zaidi ya 200”. Ukipima tena kesho ikasema tena “zaidi ya 200”, hujui kama umetoka 290 kwenda 210 au umetoka 210 kwenda 290. Ndiyo maana tunaiweka baada ya wiki ya kwanza, pale ambapo karibu kila goti linalopona vizuri limeshaingia ndani ya uwezo wake. Kuanzia hapo inafanya kazi kwa raha.

Tatizo la pili ni upungufu wa damu. CRP iko kwenye plazima, haimo ndani ya chembe nyekundu. Mashine inayopokea damu nzima lazima ikadirie plazima ni kiasi gani kwenye tone. Zilizo bora hupima uwiano huo, yaani himatokriti, na kusahihisha zenyewe. Za bei ya chini nyingine huchukulia tu kwamba kila mtu ana himatokriti ya asilimia 40. Sasa aliyetoka kubadilishiwa goti amepoteza damu, na si ajabu himatokriti yake ikawa 30. Piga hesabu: plazima yake halisi ni asilimia 70 ya tone, mashine inadhani ni 60, hivyo jibu linavimba kwa kama asilimia 17. CRP ya kweli ya 120 inasomeka 140. Si kosa la kuua, lakini ukilinganisha 140 hiyo na 125 ya maabara ya siku mbili kabla, utapata hofu isiyo na msingi. Swali la kumuuliza mhudumu ni moja: mashine hii inasahihisha himatokriti au haisahihishi? Asipojua, jibu limo kwenye karatasi ya maelekezo ndani ya boksi.

Mengine ni makosa ya mkono, na yanarudiwa kila mahali. Kidole kimepanguswa kwa spiriti na kuchomwa kabla hakijakauka: spiriti inachanganyika na damu. Tone la kwanza halikufutwa. Damu haitoki vizuri, kidole kinakamuliwa kama chuchu ya ng'ombe, na maji ya nyama yanaingia kwenye kapilari na kuishusha namba. Kapilari imeingia povu la hewa, au nje yake imebaki damu isiyofutwa, na kiasi si kile kilichotakiwa. Kikombe kimetolewa kwenye friji na kutumika kikiwa bado cha baridi, kimetoa jasho, na mashine inasoma ukungu kama CRP au inakataa na kutoa msimbo wa kosa. Dawa ni kunawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, kuchoma pembeni mwa ncha ya kidole, kufuta tone la kwanza, kuliacha la pili lijae lenyewe.

Kuna kanuni moja ya kukamatia majibu mabovu: CRP chini ya 10 siku ya pili au ya tatu baada ya goti haipaswi kumfurahisha mtu. Ina maana kipimo kimeharibika, au ini la mgonjwa limechoka sana, au anatumia dawa inayoziba interlukini-6 kama tosilizumabu, ambayo wengine hupewa kwa baridi yabisi. Kama hakuna ini wala dawa ya kulaumu, rudia kipimo.

Lateksi kwenye slaidi: bei inavutia, jibu halisaidii

Hiki ndicho kipimo ambacho maabara nyingi ndogo za mtaani zinakiita CRP bila maelezo zaidi, na kwa sababu ni rahisi kuna wanaodhani wamepata bahati. Tone la seramu linawekwa kwenye slaidi, linaongezwa tone la chembe za lateksi zilizopakwa kingamwili, yanachanganywa, slaidi inazungushwa dakika mbili. Chembe zikishikamana na kuonekana punje, jibu ni chanya. Kiti nyingi huanza kushikamana kwenye miligramu 6 kwa lita.

Sita. Na goti lako lina 150. Chanya hiyo ungeweza kuiandika mwenyewe bila kutoa damu.

Mtaalamu mwenye bidii atasema anaweza kuzimua, na ni kweli. Seramu inapunguzwa kwa salaini mara 2, mara 4, 8, 16, 32, na kiwango cha mwisho kilichoshikamana kinazidishwa na 6. Kwa hiyo majibu yanayowezekana ni 12, 24, 48, 96, 192. Hakuna kitu katikati. Mgonjwa aliyeshuka kutoka 180 hadi 100 ataandikiwa 96 mara zote mbili, na aliyebaki palepale anaweza kuruka ngazi nzima kwa sababu tone moja lilikuwa nono kuliko jingine. Kipimo kinachopanda kwa kujizidisha mara mbili hakiwezi kukuonyesha mteremko unaoutafuta.

Ongeza na hili: CRP ikiwa nyingi kupita kiasi, kila chembe ya lateksi inajaa yenyewe na kukosa mwenzake wa kushikana naye, hivyo mchanganyiko unabaki laini na jibu linaandikwa hasi. Wa maabara wanaliita prozoni. Kiwango ambacho linaanza hutofautiana kati ya kiti na kiti na huandikwa kwenye maelekezo. Anayesoma slaidi bila kuzimua kwa mgonjwa wa upasuaji mkubwa anajiweka kwenye hatari ya kumwambia mtu mwenye usaha kwamba hana kitu. Kosa la upande wa pili ni kuchelewa kusoma: ikipita dakika mbili, tone linaanza kukauka na punje za uongo zinajitokeza.

Sikatai kwamba lateksi ina mahali pake, kwa mfano kumtazama mtoto mwenye homa pasipo na mashine. Kwa goti, hapana. Ukiona jibu lako la CRP limeandikwa “chanya”, “hasi” au “1:8” badala ya namba yenye kizio, umeuziwa hii.

ESR: inakumbuka mno

ESR ni ya bei rahisi, iko kila mahali, na kila daktari anaizoea. Damu inachanganywa na sodiamu sitreti, sehemu nne za damu kwa moja ya dawa, inawekwa kwenye mrija wa Westergren wenye alama za milimita 200, unasimamishwa wima, na baada ya dakika 60 unasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi.

Ubaya wake kwa mwezi wa kwanza ni wa kimaumbile. Inategemea zaidi fibrinojeni, protini inayopanda taratibu na kushuka taratibu zaidi. Baada ya goti, ESR hufika kilele karibu siku ya tano hadi ya saba, wakati CRP tayari inateremka, na inaweza kubaki juu miezi kadhaa kwa mtu aliyepona kabisa. ESR ya 70 wiki ya tatu haisemi kitu. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2013 kuhusu maambukizi ya viungo bandia hayakuipa kabisa kikomo ndani ya siku 90 za mwanzo. Kikomo cha milimita 30 kwa saa ambacho watu hukinukuu ni cha maambukizi sugu, ya baada ya kipindi hicho. Anayekichukua na kukibandika kwenye goti la wiki mbili anawatia wasiwasi karibu wagonjwa wake wote.

Kisha kuna mazingira. Upungufu wa damu huipandisha, na karibu kila aliyepasuliwa goti ana upungufu kidogo. Umri huipandisha. VVU, ujauzito na ugonjwa wa figo pia. Mwenye selimundu kinyume chake: chembe zake zilizopinda hazipangani kama sarafu, hazishuki haraka, na ESR yake inaweza kuwa ndogo hata akiwa anaungua kwa maambukizi. Mrija ukiinama nyuzi tatu tu, kasi inaweza kuongezeka hadi asilimia 30. Meza ikiwa inatikiswa na sentrifuji, kasi inaongezeka. Chumba kikiwa na joto la Februari la Dar es Salaam bila kiyoyozi, inaongezeka. Na damu iliyokaa mezani zaidi ya saa nne kabla ya kuwekwa kwenye mrija haifai tena, kwa hiyo sampuli zinazosafirishwa kwa bodaboda kutwa nzima kwenda makao makuu ndizo zisizoaminika. ESR ina faida kama ilipimwa kabla ya upasuaji, ili miezi sita mbele goti likianza kuuma upya pawe na pa kulinganishia. Hapo ilipie. Kwa sasa okoa hela.

Vingine vinavyowekwa kwenye kifurushi

Hesabu ya chembe nyeupe huja bure ndani ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, ambayo ungeipima tu kwa ajili ya wingi wa damu, kwa hiyo haina gharama ya ziada, lakini usiipe uzito. Mgonjwa akipewa deksamethasoni wakati wa ganzi kuzuia kichefuchefu, chembe nyeupe hupanda bila maambukizi, na dawa hiyohiyo huishusha CRP kidogo. Upande wa pili, goti lenye wadudu linaweza kuwa na chembe nyeupe za kawaida kabisa kwenye damu.

Kipimo cha prokalsitonini ni kizuri kwa kukamata bakteria waliosambaa mwilini, na ni ghali. Maambukizi yaliyojifungia ndani ya goti yanaweza kuiacha chini, hivyo jibu dogo halikuondolei shaka. Interlukini-6 yenyewe inapanda na kushuka mapema kuliko zote, ndani ya siku chache. Kwa nadharia ni bora, kwa vitendo maabara zinazoipima ni chache na siku yako ya kuipima inapita kabla hujaipata.

D-dimer ndiyo inayoleta balaa. Mtu mguu umevimba wiki ya pili, anahofia damu iliyoganda, anapima D-dimer, inarudi juu, anaanzishiwa dawa za kuyeyusha damu kwa hofu. Baada ya upasuaji wa goti D-dimer huwa juu kwa wiki kadhaa kwa kila mtu. Swali la damu kuganda hujibiwa na utrasaundi ya dopla ya mishipa ya mguu.

Vipimo vya kujipimia nyumbani vya mistari vingi hukupa makundi manne tu, kwa kawaida chini ya 10, hadi 30 au 40, hadi 80, na zaidi ya 80. Siku nyingi za wiki ya kwanza utakuwa unaona “zaidi ya 80” tu.

Upime lini, na usomeje

Mara nne zinatosha, na kwa wengi ni nyingi. Ya kwanza ni kabla ya upasuaji, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mwenye baridi yabisi au mwili mkubwa anaweza kuanza na 15 au 20 yake ya siku zote, na bila kujua hilo atasubiri kushuka chini ya 10 ambako hakutatokea. Ya pili ni siku ya tatu, kabla ya kuruhusiwa, kushika kilele. Ya siku ya kwanza haina maana: inapanda kwa kila mtu na haitabiri chochote. Ya tatu ni siku ya 10 hadi 14, wakati wa kutoa nyuzi. Ya nne, kama kuna shaka, wiki ya sita.

Tuchukue mifano miwili ya kubuni. Mmoja anasoma 6 kabla, 188 siku ya tatu, 52 siku ya 12, 8 wiki ya sita. Huyo ni wa kitabuni. Mwingine anasoma 6, 150, kisha 74 siku ya 8, kisha 128 siku ya 14. Kilele chake kilikuwa kidogo kuliko cha mwenzake, na ndiye wa kutafutwa kwa simu. Kupanda mara ya pili baada ya kushuka ndiyo ishara kubwa kuliko zote. Ya pili kwa uzito ni kugoma kushuka, namba kukaa palepale vipimo viwili mfululizo vilivyopishana siku mbili tatu.

Hata hivyo CRP haikuambii moto uko wapi. Malaria inaipandisha sana. Mkojo ulioingia wadudu kwa sababu ya mpira wa kutolea mkojo unaipandisha, nimonia pia, na gauti (jongo), ambayo hupenda kuamka baada ya upasuaji, inaweza kuitupa juu ya mia peke yake. Kwa hiyo namba ikirudi juu, orodha ni hii: kipimo cha malaria kwa aishiye kwenye malaria, mkojo, kifua, miguu yote miwili, halafu goti lenyewe kwa macho na mikono. Kikibaki kidonda kinachovuja au goti lenye joto linaloongezeka, kinachofuata ni kuvuta maji ya goti kwa sindano kwenye mazingira safi, na aifanye daktari wa mifupa. Ndani ya siku 90 za mwanzo, makubaliano yale ya 2013 yalitazama chembe nyeupe zaidi ya 10,000 kwa mikrolita ya maji ya goti na neutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo, zaidi ya asilimia 90, pamoja na CRP ya damu zaidi ya 100. Hiyo 100 nayo isomwe kwa akili: siku ya tatu ni ya kawaida, wiki ya nne si ya kawaida hata kidogo.

Kosa linaloharibu kila kitu katikati ya hapo ni antibiotiki za duka la dawa. CRP inasoma 120, mtu ananunua dozi ya siku saba, namba inashuka hadi 60, familia inafurahi, na daktari anapovuta maji ya goti wadudu hawaoti tena maabara, ingawa bado wamejishikiza kwenye chuma. Wakati huo ndio unaopotea: maambukizi yakikamatwa mapema, goti hufunguliwa, likasafishwa, kipande cha plastiki cha katikati kikabadilishwa na chuma kikabaki, yakichelewa, utando wa wadudu unakomaa na mara nyingi chuma chote hutolewa. Kidonda kinachovuja baada ya siku ya saba kipelekwe kwa aliyelipasua goti hata kama CRP imeshuka vizuri, na kisisubiri kipimo cha kesho.

Ukienda kupima, beba karatasi zote za nyuma na omba kila mpya iandikwe vitu vitatu: tarehe pamoja na siku ya ngapi tangu upasuaji, kizio, na jina la mashine au njia iliyotumika. Maabara inayokataa kuandika njia iliyotumia ina uwezekano mkubwa inatumia slaidi.